Misemo Iliyobaki Kinywani mwa Baba

Baba yangu alipopata kiharusi, maneno yote yalimtoka isipokuwa misemo ya Kiingereza. Sitii chumvi. Kiswahili kilimtoka, Kingoni alichonyonya nacho kikamtoka, hata jina langu likamtoka. Kilichobaki ni ile misemo aliyoifundisha katika shule za msingi za hapa Songea na vijijini mpaka akastaafu: mvua ya paka na mbwa, kupiga teke ndoo, kipande cha keki, mwezi wa bluu. Ukimwamkia shikamoo anakutazama kwa heshima zote za mwalimu mzee, anakohoa kidogo, kisha anajibu, "Piece of cake." Kwa Waingereza hiyo maana yake ni jambo rahisi, kazi isiyotoa jasho. Kwa baba yangu ilikuwa marahaba, na asubuhi njema, na njoo unigeuze ubavu huu unauma.

Mara ya kwanza nilicheka, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nimetoka Mbinga, ambako nilifundisha kwa mkataba katika sekondari ya binafsi. Nilikuja kumuuguza kwa wiki mbili. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki zamani, na mtu wa karibu alikuwa mimi. Nilibeba begi dogo, nguo za kubadilisha na viatu vya kazini, kwa sababu nilijua nitashuka basi Mbinga na kuingia darasani moja kwa moja. Zile wiki mbili zilizaa, zikapata wajukuu, na mkataba wangu ukachukuliwa na mtu mwingine.

Daktari wa hospitali ya misheni alitueleza vizuri, sote watatu tukiwa tumesimama kando ya kitanda: kaka yangu mkubwa aliyekuja kutoka Dar es Salaam, dada yangu anayeishi Njombe, na mimi kitindamimba. Alisema sehemu ya kichwa inayotunga maneno mapya imeharibika, lakini ipo nyingine inayotunza yale mtu aliyoyakariri na kuyarudia maisha yake yote, na hiyo imepona. Wapo wanaobaki na Salamu Maria tu. Wapo wanaobaki na matusi, na watoto wao huona aibu kupokea wageni. "Mzee wenu kabakiwa na misemo," alisema. "Shukuruni."

Kaka alishukuru palepale. Kisha akageuka akanitazama mimi, si dada.

"Basi afadhali wewe umesomea Kiingereza," akasema.

Dada akaitikia kwa kichwa, haraka mno. Kwetu mtoto wa mwisho ndiye hubaki na jiko la wazazi, hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni, na kila mtu hulisema kwa utani mpaka siku linapohitajika. Lakini sasa walikuwa wamepata sababu ya kisomi, na sababu ya kisomi haina mlango wa uani.

Niseme kidogo alivyokuwa baba kabla ya hapo. Aliamini kwamba mwenye misemo ndiye mwenye lugha, na asiye nayo anaombaomba tu. Nyumbani kwetu hukuonja ugali kabla hujatoa maana ya msemo wa siku. Tulikaa mkekani mikono imeshanawa, mboga inapoa, naye anauliza: kuzungukazunguka kichaka, ndiyo kufanya nini? Ukijibu kwamba ni kukwepa kusema jambo lenyewe, unakula. Ukikosea, unasubiri wenzako. Siku moja mama, ambaye hakusoma mbali, alimuuliza mbona Waingereza wanazunguka kichaka na sisi tunazunguka mbuyu, jambo si lilelile? Baba alijibu kwamba huko kwao hakuna mibuyu, maskini. Alisema maskini kwa huruma ya kweli. Kaka alikuwa hodari kuliko wote, na ndiye aliyefika Dar es Salaam na kupata ofisi yenye kiyoyozi. Mimi nilikuwa wa kula ugali wa baridi, na ajabu ndiye niliyekuja kuwa mwalimu wa Kiingereza.

Sasa nikapewa kazi nyingine, ukalimani. Sikuiomba wala sikuijua, ilianza tu. Jirani alikuja na mkungu wa ndizi, akampa baba pole, na baba akamjibu, "Once in a blue moon." Maana yake ni jambo linalotokea kwa nadra sana, mara moja baada ya kitambo kirefu. Jirani akanigeukia. "Mzee anasemaje?" Nikaona uso wa baba umechangamka, nikasema, "Anashukuru sana kwa ndizi." Jirani akaondoka amefurahi. Wiki iliyofuata katekista alileta habari ya msiba wa rafiki ya baba waliyefundisha naye, na baba akasema, "It's raining cats and dogs," yaani mvua kubwa isiyo na mfano, wakati nje jua linachoma mpaka mbwa amelala chini ya ngazi. Nilikuwa naogopa asije akapiga teke ndoo, maana huo ndio msemo wao wa kejeli kwa mtu aliyekata kamba, na katekista alikuwa amefika darasa la kutosha kuutambua. Nikatafsiri upesi: "Anasema Mungu amlaze pema." Katekista akafanya ishara ya msalaba.

Ningefanyaje? Watu hawakuja kusikia kwamba mzee hajasema kitu. Walikuja kupata neno lake, nami nilikuwa nawapa. Macho ya baba yalinisaidia, na mkono wake wa kushoto uliokuwa mzima, na wakati mwingine sauti. Lakini maneno yenyewe hayakunisaidia hata kidogo. Nilimpa maji kwa paka na mbwa, nikampa maji kwa keki, na mara zote alikunywa.

Habari zilifika Dar es Salaam na Njombe zikiwa zimenona. Katika kundi letu la familia kwenye simu wakaniita Mkalimani wa Mzee. Kaka alikuwa akituma ujumbe wa sauti Jumapili baada ya misa, sauti nzito ya mtu aliyeshiba: "Mdogo wangu, bila wewe tungekuwa tumempoteza Baba. Mungu akuzidishie." Nikiuliza kama anaweza kukaa naye Dar es Salaam walau kipindi cha baridi, maana baridi ya Songea mwezi wa saba haina adabu kwa mgonjwa, anajibu, "Huku nani atamwelewa?" Nikimuuliza dada, naye anasema, "Mimi Kiingereza changu si unakijua." Sifa ni kitu kibaya sana ukifungiwa ndani yake. Matusi ningeyajibu.

Halafu kulikuwa na suala la kula. Baba alikubali kijiko kutoka mkononi mwangu tu. Dada alikuja mara moja kunipumzisha, nami nikafunga begi kwa furaha nikalisimamisha nyuma ya mlango. Alipika uji wa ulezi mzuri kuliko wangu, akaweka karanga, akapuliza, akampelekea mdomoni. Baba akakaza meno. Akamtazama mwanawe wa pili aliyembeba mabegani sokoni enzi hizo, akasema, "You're barking up the wrong tree." Hiyo husemwa kwa mtu anayemshuku asiyehusika, au anayegonga mlango usio wake. Dada hakuelewa maneno, ila meno aliyaelewa. Alijaribu asubuhi, akajaribu mchana, jioni akakaa kwenye kigoda cha jikoni akalia, na kesho yake akapanda basi la Njombe. Nililirudisha begi chini ya kitanda.

Siku ile nilimkasirikia baba. Nilimwambia, "Baba, unafanya makusudi." Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sijawahi kumwinulia. Akanitazama, akafungua mdomo kusubiri kijiko. Daktari alikuwa ametuambia kwamba mgonjwa wa namna ile huogopa kupaliwa, na huuamini mkono aliouzoea. Inawezekana. Mimi niliamini ni makusudi, na niliendelea kuamini hivyo nikimlisha, nikimwogesha, nikimkata kucha. Mtu anaweza kumpenda mzazi wake na kumchukia kwa mkono uleule mmoja.

Ili nisichanganyikiwe nilianza kufundisha tuisheni barazani. Walikuja wanafunzi wa kidato cha nne na benchi zao za kuazima. Nyumba yetu iko pembezoni mwa mji, upande wa barabara iendayo Tunduru, na asubuhi mabasi hupita yakiwa yamefunga mizigo, kondakta ananing'inia mlangoni kana kwamba hana mama. Nami nimesimama na chaki. Mpira uko uwanjani kwako, maana yake uamuzi sasa ni wako. Kuuma risasi, maana yake kuvumilia uchungu usioepukika. Kumtoa paka mfukoni, maana yake kutoboa siri. Dirisha la chumba cha baba lilikuwa nyuma yangu, na kila nikitamka msemo, naye ndani anaudaka na kuurudia kwa matamshi bora kuliko yangu. Wanafunzi wanacheka mpaka wanaangusha kalamu. Mimi nilicheka nao, lakini wakishaondoka nilikuwa nakaa kwenye lile benchi nikijiuliza mimi ni nani katika nyumba hii. Barazani nauza maana za maneno. Chumbani nayasikia yaleyale hayana maana yoyote. Katikati ya hapo nachota maji.

Safari zangu zilikuwa sokoni na kurudi, na sokoni sikuzunguka, nilinunua kama mwizi. Nikichelewa, baba hajala. Hata kanisani nilikaa mwisho karibu na mlango. Marafiki zangu walianza kuniuliza "Mzee anaendeleaje?" na hawakuendelea na swali jingine, kana kwamba mimi ni dirisha la chumba chake.

Mmoja hakuacha kuniuliza mengine. Alikuwa mwalimu mwenzangu kule Mbinga, mzaliwa wa Maposeni, na wakati huo alikuwa amehamishiwa Tunduru. Kila likizo akipita Songea kwenda kwao alishuka kwetu, akamletea baba korosho, ingawa baba hakuweza kuzitafuna na ni mimi niliyezimaliza. Alikaa naye akimsimulia mambo ya shule kwa Kiswahili cha kawaida, na baba akimjibu kwa misemo, na yeye hakuniuliza hata siku moja mzee amesema nini. Nilimpenda kwa hilo kabla ya mengine.

Likizo ile ya mwisho alinisindikiza sokoni. Akasema, "Mwenzangu, mimi nasubiri. Lakini wazee nyumbani wamechoka. Mama ananitajia mabinti wa parokia nzima. Wanataka kuja kwenu rasmi, na wakirudi bila jibu wataniambia nimefungiwa mlango, nitafute kwingine. Na mimi, sikufichi, sitajua niwajibu nini tena."

"Na baba?" nikasema.

"Shangazi yako si alisema atakuja kukaa naye?"

Ni kweli shangazi alisema. Ni dada mkubwa wa baba, mjane, anaishi kijijini upande wa Peramiho, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Aliposikia kuna mtu ana nia nami, alinitumia salamu kwamba yuko tayari kuhamia Songea. "Huyo nilimbeba mgongoni mimi, nikamwogesha mtoni," alisema. "Atanishinda nini sasa hivi ameshazeeka?" Kaka alicheka kwenye simu alipoambiwa. Akasema shangazi hajui Kiingereza hata cha kumfukuzia kuku, atamwelewaje Mzee? Na kula je? Dada alishindwa, atakuja kuweza bibi wa kijijini? Kisha akalainisha sauti. "Sikukatazi kuolewa, mdogo wangu. Lakini Baba yu hai. Mwenye binti ni yeye. Akikubali yeye kwa kinywa chake, mimi nani?"

Alijua anachosema. Katika ukoo wetu posa haijibiwi na kaka wala mjomba iwapo baba mzazi yupo. Mshenga huja na ndugu wa upande wa kiume, husema shida yao, na baba wa binti hujibu kwa kinywa chake, wote wakisikia. Asipotoa neno, hakuna posa. Na binti mwenyewe hakai pale. Anakuwa jikoni na wanawake, anasubiri kuitwa. Kaka alikuwa ameniwekea kufuli la jadi juu ya kufuli la kisomi, na yote mawili yalionekana kama heshima kwa baba.

Siku ilifika. Shangazi alikuja mapema akafagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia. Upande wa Maposeni walikuja kwa gari la kukodi: mshenga, mzee wa makamo mwenye koti la suti na viatu vilivyopakwa rangi, na akina mama wawili waliobeba kibuyu cha togwa aliyoipika mama wa mchumba wangu. Mwenyewe hakuja, ndiyo desturi. Dada alipata udhuru. Kaka alikuwapo kwa simu ya picha, tukamsimamisha juu ya meza akiegemea kopo la sukari, uso wake mdogo unang'aa kuliko watu wote sebuleni. Baba nilimvalisha shati jeupe na tai yake ya shuleni, nikamkalisha kwenye kiti chake cha magurudumu.

Kisha nikaenda jikoni, kama inavyotakiwa. Sikukaa. Shangazi alikuja akanivuta mkono.

"Kaka yako anasema uje. Bila wewe nani atatafsiri?"

"Shangazi, haifai. Mimi ndiye ninayeposwa."

"Haifai ndiyo. Njoo."

Nikajifunga kanga ya pili, nikaingia, nikakaa mkekani miguuni pa baba nimeinamisha kichwa. Sidhani kama kuna binti mwingine Songea hii aliyewahi kukalishwa pale nilipokalishwa, kutafsiri jibu la posa yake mwenyewe. Akina mama wale walitazamana. Mshenga akajikohoza.

Alisema vizuri sana. Alisema wamepita njia wakaona moshi, na penye moshi pana jiko, nao kwao wana kijana anakula chakula baridi. Walikuja kuomba lile jiko, kama wenye nyumba hawajamwahidi mwingine. Akamgeukia baba, akapiga makofi mawili ya heshima, akasema, "Mzee wetu, Mwalimu, tunaomba neno lako."

Baba alikuwa anamtazama mshenga kwa makini yaleyale ya zamani mkekani, mboga ikipoa. Kisha akasema wazi, kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Over my dead body."

Kaka alidaka kabla sijapumua. "Mmesikia!" sauti yake ikatoka kwenye simu. "Wazee wangu, mmesikia wenyewe. Hiyo Waingereza husema mtu anapokataa katakata. Maana yake labda nife kwanza, mpite juu ya maiti yangu. Baba amekataa."

Na maana ya msemo ni hiyo hasa. Wanafunzi wangu wangepata alama zote. Mmoja wa akina mama akashika kifua. Mshenga hakumjibu kaka. Aliniangalia mimi.

"Mkalimani," akasema kwa upole, "mzee amesema nini?"

Asubuhi ileile baba alikuwa amesema maneno hayohayo nikimpangusa uso. Siku iliyotangulia alimwambia kuku aliyeingia chumbani. Ningeweza kusema hivyo, na ingekuwa kweli tupu, na ingesikika kama mwali anayejitetea. Ningeweza kusema amekubali. Nilikuwa nimesema makubwa kuliko hayo kwa ajili ya mkungu wa ndizi. Lakini nikisema amekubali, kaka angenitangazia ukoo mzima kwamba nimejiozesha kwa kinywa cha baba mgonjwa, na ningeolewa na neno hilo likinifuata Tunduru. Nikisema amekataa, nimejifunga kwa mkono wangu. Kila upande niliogeukia nilikutana na sauti yangu mwenyewe.

"Sijui," nikasema.

"Unasemaje?" Kaka akasogeza uso mpaka ikabaki pua tu.

"Nasema sijui. Sijui amesema nini. Sijawahi kujua hata siku moja. Nyinyi ndio mlioniita mkalimani, mimi nilikuwa nampa maji!" Nilisikia nimepaza sauti mbele ya wageni, na sikuweza kuishusha. "Anachosema si chake, ni kilichobaki tu. Daktari alituambia sote watatu, na wewe ulikuwepo!"

Mshenga alitazama viatu vyake. Nikajua kimeharibika. Hawa ni watu wa adabu, nikafikiri, watashukuru, watanywa maji, wataondoka bila neno, na huko Maposeni watasema mlango umefungwa na binti mwenyewe ni mkali.

Ndipo shangazi aliponyanyuka. Hakuuliza mtu. Alichukua bakuli, akamimina togwa kutoka kwenye kibuyu cha wageni, akasema, "Zamani baba yetu mdogo aliugua koo, sauti ikapotea, na ana binti wa kuoza. Alijibu hivi. Walimletea togwa yao. Angeikataa, wangebeba kibuyu wakaondoka. Akinywa, ameshawapa mtoto. Nani hapa hajui habari hiyo?"

"Sisi tunaijua," mshenga akasema. Akina mama wakaitikia.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye bakuli kwa mazoea. Kijiko, kitambaa, kichwa kiinuliwe kidogo. Shangazi akaupiga kofi dogo.

"Wewe kaa. Mkono wako una kesi."

Akapiga magoti mbele ya kiti. Akasema naye kwa Kingoni, taratibu, bila ile sauti ya bonde. Kingoni changu ni cha kubabaisha, sikushika yote. Nilishika mtoni, na mgongoni, na usiogope. Baba akatazama bakuli. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Nilijua kinachofuata, nilikiona kwa dada: taya litakaza, mdomo utakuwa mstari. Nilitaka anywe kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Na ndani kabisa, mahali ambapo sikupajua mpaka dakika ile, nilitaka akatae.

Akafungua mdomo.

Alikunywa polepole, togwa ikamchuruzika kidevuni kwenye tai, na shangazi akaipangusa kwa ncha ya kanga yake bila kuharakisha. Akafungua tena. Alikunywa yote. Hakupaliwa hata mara moja. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka kuku wa uani wakatawanyika, na mshenga akalipokea bakuli tupu kwa mikono miwili. "Nini?" kaka alikuwa anauliza kutoka mezani. "Kimetokea nini? Nigeuzieni simu!" Hakuna aliyemgeuzia.

Nilipaswa kufurahi, na furaha ilikuwepo, lakini haikutangulia. Kilichotangulia kilikuwa wivu. Kumbe unaweza, nikasema moyoni. Kumbe kila siku ulikuwa unaweza. Uji wote ule nilioupuliza, basi nililoliona likipita kila asubuhi, na kumbe ulihitaji mwanamke mmoja wa kijijini apige magoti akuambie usiogope. Sijui kama aliniachia au alinichoka. Sitajua, kwa sababu mtu pekee wa kutafsiri nilikuwa mimi, nami nilikuwa nimeshasema sijui.

Baba alimtazama dada yake akasema msemo mwingine wa Kiingereza. Shangazi akamjibu kwa Kingoni, kitu kirefu, na baba akaongeza, na shangazi akacheka akampiga goti. Wakaendelea hivyo, kila mmoja na lugha yake. Nilikaa mkekani na mikono mapajani, haina kazi.

"Binti," mshenga akaniambia, "simama usalimie wageni wako."

Nikasimama. Machozi yalikuwa yanatoka na sikuweza kuyazuia. Mmoja wa akina mama akanikumbatia akasema ndiyo inavyotakiwa, binti aliyelelewa vizuri hulia kwa furaha siku kama hii. Sikumsahihisha.